Kamba ya Kijani Shingoni mwa Kasiani

Kabla historia hii haijasomwa, waombolezaji wote mnaapishwa kwamba yatakayosikika hapa Visiga hayatavuka ua huu. Basi, mmeshaapa, ila shangazi wa marehemu, Bi Yosefina, aliyeiandika, nakala amezigawa tangu asubuhi hadi kwa vijana wa bodaboda, kwa hiyo msomaji, kaka wa marehemu, ndugu Vicent, asiruke mstari.

Marehemu Kasiani alizaliwa Vihingo, Kisarawe, tarehe 14 Agosti 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, akasomea ualimu, akafundisha Kibaha mpaka tarehe 9 Mei 1988, alipofukuzwa kazi kwa mchezo wake wa jukwaani, “Kiti cha Mwenyekiti Kina Kunguni”, ambao wakubwa waliokaa mbele walianza kujikuna kabla haujafika katikati.

Tarehe 3 Juni 1990 alifunga ndoa na Recho, aliyekuwa kachumbiwa na mwenye duka la vitenge, na hilo nalo mliapa, wakajaliwa binti mmoja, Agape. Alitunga michezo kumi na mmoja, akapiga filamu nne kwa kamera ya kuazima, zote zikafungiwa, naye akazionyesha kwenye shuka jeupe katikati ya mihogo, akisema mnyonge akijiona mkubwa kwenye shuka, hurudi nyumbani na maswali.

Filamu ya mwisho inaonyesha msitu wa Vihingo ulivyouzwa, pamoja na sahihi za waliouza. Nakala ni moja tu, imo kwenye flashi aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kijani, na bila hiyo kaya arobaini za Vihingo zitasimama mikono mitupu mbele ya baraza la ardhi Jumatatu, tarehe 17.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024, akafariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi. Shangazi alipomvisha, shingo ilikuwa tupu. Amepekua godoro, jalala, mpaka banda la kuku, Agape amelia hadi sauti imekauka, na wazee wa Vihingo wale pale nyuma, wanalitazama kaburi kama wanaozikwa ni wao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, waigizaji wenzake waliobeba jeneza. Inamshukuru pia ndugu Vicent, katibu wa kijiji mwaka ule wa kuuza msitu, aliyebaki peke yake na mgonjwa asubuhi ile, aliyeomba awe wa kwanza kutupa udongo kaburini, na ambaye tangu juzi mkono wake wa kushoto haujatoka mfukoni, chai ya msiba kanywa kwa mmoja, karatasi hii anaisoma kwa mmoja. Jana alipoinama kunawa, shangazi aliona, akanyamaza, maana angemuuliza chemba angekana. Wenye nakala, inueni macho, tazameni kinachoning’inia kwenye mfuko wa koti.

Kasiani mwanangu, pumzika kwa amani. Vicent, wewe toa mkono.