Kabati la Siagi

Siku ile chumbani kwa Mama Adelia, mjini Pasadena, walikuwapo wanawe wawili, Garrett na Maureen. Alikuwapo Tessa, mke wa Garrett. Na wakili, Bwana Hobart, ameketi karibu na mlango. Tessa alimpandishia mama mkwe wake mto, akamnywesha maji kwa kijiko, na mgonjwa akaanza:

"Sikilizeni wanangu, na wewe Garrett weka simu chini, sijafa bado. Nyumba hii babu yangu aliijenga kwa mbao za misonobari mikubwa ambayo leo hamuipati hata mkiitafuta kwa tochi, akazipaka mafuta zikang'aa kama asali, nanyi nilipolazwa hospitali mkaona mnipe zawadi: mkalipaka jiko zima rangi nyeupe, makabati, milango, mpaka fremu za madirisha, likafanana na choo cha hoteli. Mkapiga na picha! Asiyejua maana haambiwi maana, lakini nitawaambia. Lile kabati lenye rafu za wavu, Maureen, si la mafagio. Hewa baridi hupanda kutoka chini ya nyumba, ikapita rafuni, ikatokea juu ya paa. Ndilo lililotutunzia chakula, hata siagi, kabla ya friji. Wewe ukayapigilia mbao matundu yake."

"Panya, Mama!"

"Panya walifuata chakula. Wewe umefuata nini? Na sasa mnataka kuvunja ukuta wa jiko, ati wanunuzi wanapenda kukaanga mayai huku wakitazama sofa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nanyi mmeanza kuitembeza nyumba kabla sijapoa."

"Watu wa siku hizi, Mama..."

"Watu wa siku hizi ni wewe, Garrett, ndiyo maana nasikitika." Akapumua kwa shida. "Lakini siku hizi siagi yangu huja laini, kama enzi za mama yangu. Friji haiwezi hivyo. Tessa, ni wewe uliyezing'oa zile mbao?"

Tessa aliinamisha kichwa. "Ulisema siagi ya friji inakuchania mkate, Mama."

"Basi nyumba ni ya Tessa. Hobart, andika. Ukuta usiguswe. Rangi ikwanguliwe kwa mkono, polepole, mbao zisichubuke. Garrett atamshikia mkewe ngazi, kazi hiyo inamtosha. Maureen... chukua friji. Mungu awape... macho. Tessa, mkono wako... ubarikiwe, mwanangu, na jiko lako..."

Hakumaliza.

Baada ya mazishi Tessa alianza kukwangua rangi, na Garrett ndiye aliyeshika ngazi.