Mke wa Kinyozi Asomea Kuongea

Mjinga wa siku ile alikuwa kinyozi, na hadi leo anakiri mwenyewe huku akicheka. Garimoshi halijashika mwendo, akamgeukia muuguzi mmoja mtu mzima aliyekaa kando yake, wala hawajuani, akaanza kumwaga ya moyoni. "Mama, mke wangu kapata nafasi ya shahada ya uzamili. Ya mawasiliano! Kuongea nako kunasomewa?"

"Si heri hiyo, baba? Mpongeze."

"Nimpongeze! Miaka kumi na minane nanyoa vichwa, mahakimu wananiambia wasiyowaambia wake zao. Mimi nani kanivika joho?" Wivu ulimkaba koo kuliko tai ya harusi, ila yeye aliuita busara. "Tena huko atakaa na wanaume wenye miwani, wamsikilize saa nzima."

"Kwani wewe humsikilizi?"

"Mimi? Kwa kusikiliza mimi ni bingwa!"

"Alikwambiaje alipoipata hiyo nafasi?"

Kinyozi alijikuna kidevu. "Niliambiwa na mteja, nikimnyoa."

Garimoshi lilisimama. Muuguzi akainuka na mkoba wake. "Basi mwache akasome, baba. Pengine watamfundisha namna ya kuzungumza na bingwa."