Panya Arobaini wa Sura ya Saba

Ndugu, majirani na marafiki, ninayewasomea ni binti wa mwisho wa marehemu, yule ambaye baadhi yenu mmekuwa mkinong'ona habari zake tangu juzi. Sina kinyongo. Naomba tu mnisikilize mpaka mwisho.

Mama yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Alimaliza sekondari mwaka 1975, na mwaka 1979 akahitimu ufundi wa maabara. Kwa miaka thelathini na saba alifanya kazi katika maabara ya hospitali, akihesabu chembe za damu kwa darubini. Aliyemletea jibu la haraka haraka alirudishwa akahesabu upya.

Tarehe 3 Desemba 1983 aliolewa na baba yetu, dereva wa gari la wagonjwa. Baba alipomwambia kwamba hajaona mwanamke kama yeye, aliulizwa, "Umeona wangapi?" Baba anasema mpaka leo bado anahesabu.

Mwaka 2020 niliacha chuo cha maabara, nikafungua saluni. Mama alikasirika, nami nikamjibu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Miaka miwili na ushei hatukusemezana.

Februari 2023 alikutwa na uvimbe kwenye kongosho. Nilirudi nyumbani mbio. Shangazi yetu akaja na kile kitabu cha sayansi kilichouzwa kama njugu, akafungua sura ya saba. Kilisema kwamba utafiti wa wanawake elfu moja na mia mbili umethibitisha kuwa mama anayekosewa na mwanawe hupata uvimbe. "Soma mwenyewe," alisema. Nilisoma. Jamani, hata chakula kilinishinda. Niliamini nimemuua mama yangu naye bado yu hai.

Mama alipogundua kinachonikondesha, alikitaka hicho kitabu. Alivaa miwani, akasoma sura nzima mara mbili, akaguna. "Hawa wanawake walihesabiwa na nani?" Akiwa kitandani, alinitajia maneno ya barua, nami nikayaandika, kwenda chuo kikuu kilichotajwa kurasa za nyuma. Baada ya wiki tano mkutubi wa chuo alitutumia nakala ya utafiti wenyewe. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Walikuwa panya arobaini, na kilichochunguzwa ni chakula chao.

"Panya!" Mama alicheka mpaka akajishika ubavu. "Na hata hao hawakugombana na mabinti zao." Kisha akanishika kidevu. "Ulinikosea, na nimeshakusamehe. Lakini ugonjwa huu si wako, mwanangu. Usiubebe." Nililia kwa nafuu niliyoipata, halafu nikala sahani mbili. Yeye mwenyewe aliagiza haya yasomwe leo, mbele ya wote waliokisoma kitabu kile au kuhadithiwa.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa nane mchana, katika hospitali aliyoitumikia. Asubuhi ile nilikuwa nimemsuka nywele, akasema nimemsuka vizuri.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne na wifi mmoja, shangazi yetu, ambaye jana aliisoma ile nakala ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani, akaniambia, "Nisamehe, mwanangu." Tumeyamaliza.

Mama, lala kwa utulivu. Si mimi niliyekuua.