Watu Arobaini na Mmoja Walioisifu Gemu

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya banda langu la kushona viatu. Nasema langu kwa sababu wenzangu wakishakalia kitu miaka sita wanaanza kudhani ni cha serikali. Linachukua watu watatu, wa nne akijibana. Birika la kahawa linatoka kibanda cha jirani, vikombe ni vyangu, na maneno ni ya kila mtu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, saa saba kasoro, na kahawa ilikuwa imemiminwa zamani lakini hakuna aliyeigusa. Hapo tu mtu angejua kuna jambo.

Niwatambulishe kwanza. Kifungu alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, na hata ukimwomba sukari anakutajia sheria. Sindano ni fundi cherehani, duka lake ni mlango wa tatu kutoka kwangu, na ulimi wake haujawahi kupata likizo. Wa tatu ni Breki, dereva wa lori mstaafu, miaka thelathini barabarani bila ajali, ndiyo maana tukampa jina hilo. Breki ana binti mmoja tu. Mama yake alifariki mtoto akiwa darasa la tano, basi baba akalea hivyo hivyo, wiki safarini, siku mbili nyumbani, huku shangazi na majirani wakisaidia.

Yule binti sasa ni mtu mzima, anafanya kazi kwenye kampuni inayotengeneza gemu za watoto. Miaka mitatu ameongoza wenzake kutengeneza gemu iliyotokana na ile filamu ya katuni ambayo kila mtoto wa mtaa huu aliililia mpaka akapelekwa kuiona. Jumatatu gemu ikatoka. Jumanne wahakiki wakaandika, na yule mkubwa wao, ambaye wote wanamsubiri aseme kwanza, akaipa alama nne kwa kumi.

Breki alikuja hapa Jumanne ile ile. Alisema mtoto hali, halali, mkataba wake unaisha mwezi ujao, na wakubwa wamemwambia wazi kwamba wataangalia gemu imepokelewaje ndipo waamue. Tukamwonea huruma. Na sisi tukimwonea mtu huruma ndipo tunapokuwa hatari.

Wazo lilikuwa langu, sitamsingizia mtu. Kule kwenye duka la mtandaoni inakouzwa gemu, mtu yeyote akiipakua ile sehemu ya bure anaruhusiwa kutoa nyota na kuandika neno, hata asipoifungua. Nikasema, ikiwa mtu mmoja anaweza kutoa nne, kwani sisi mikono yetu imepooza? Sindano akadakia kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Kufikia Jumatano adhuhuri tulikuwa tumekusanya watu arobaini na mmoja, sisi wenyewe tukiwemo: wauza maji, walinzi wa zamu mbili, mke wa Sindano na dada zake. Kwa kinyozi tulisubiri mteja anyolewe nusu kichwa halafu tukampa simu, maana hapo hawezi kukimbia.

Sasa shida yetu ilikuwa kwamba hakuna anayejua gemu husifiwaje. Kila mtu akaisifu kama anavyosifu kitu cha kazi yake. Sindano aliandika, "Rangi haichuji, nimefua mara tatu." Kifungu akaandika kwamba anathibitisha kwa kiapo, akiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, kuwa gemu ni nzuri. Kinyozi alisema haiachi vipele. Mimi niliandika soli imara, inavalika mvua na jua, na wakati ule nilijiona nimeandika la maana. Breki mwenyewe aliandika, "Haijawahi kunizimikia mlimani." Kisha akatuomba sote tumalizie kwa sentensi moja, akatutamkia pole pole neno kwa neno: Mungu ambariki aliyeitengeneza, amelelewa vizuri.

Tuliiandika wote. Arobaini na mmoja.

Alhamisi asubuhi yule mhakiki akaandika tena. Kifungu alitusomea mara mbili, ya pili tukamwomba aache. Alisema amefanya kazi hii miaka kumi na miwili na hajawahi kuona gemu ya watoto inayosifiwa kwa kutochuja ikifuliwa. Alisema gemu mbaya husamehewa, lakini kununua sifa ni kuwadanganya wazazi. Baada ya saa moja duka likafunika nyota zote, na zile za wazazi wa kweli waliocheza na watoto wao zikaenda na maji. Kampuni nayo ikamwita binti kikaoni saa nane mchana, aeleze alimlipa nani.

— Alinipigia asubuhi analia, Breki alisema. Aliniambia, "Baba, kuna mtu ananichukia."

— Ukamjibu nini? nikamuuliza.

— Nikamuuliza, nani?

Mimi nilishika kiatu nikajifanya natafuta tundu la sindano. Aibu ilinipanda kutoka miguuni, nasema kweli, kwa sababu mtu aliyemchukia yule mtoto alikuwa ameketi pale kwenye benchi, tena watatu, na wa nne alikuwa na kiatu cha watu mapajani.

Nilimwambia ampigie, amwambie ukweli kabla ya saa nane. Kifungu akainua kidole. Haraka haraka haina baraka, akasema, na kukiri bila kuulizwa ni kosa la pili juu ya kosa la kwanza. Ukimkiria mtoto, mtoto anakuwa shahidi. Akiwa shahidi, ataitwa. Akiitwa, atatutaja sote, na yeye Kifungu aliweka neno "kiapo" kwa maandishi, kwa hiyo ndiye atakayeanza kufungwa. Alipofika hapo alikuwa amejitisha mwenyewe, jasho likamtoka puani.

Sindano yeye hakuona kosa letu hata kidogo. Kwake mwenye makosa ni mhakiki. Alisema huyo amelipwa na wenye ile filamu, kwa sababu hawataki gemu iipite filamu kwa utamu. Tukamuuliza, wenye filamu si ndio hao hao walioagiza gemu? Akasema ndiyo, na hapo ndipo penye ujanja.

— Samaki mkunje angali mbichi, akamalizia, na mpaka leo sijui samaki aliingiaje.

— Huyo si mtu kabisa, Kifungu akasema. Ni mashine. Wameilisha malalamiko ya watoto waliodekezwa, sasa inayatema.

— Mashine ingejuaje kufua? nikauliza.

— Hiyo ndiyo mashine mpya.

Breki alikuwa anatazama saa yake kila baada ya sentensi. Saa saba na dakika kumi na tano. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga chini, unaachia, unakanyaga. Halafu naye akaingia kwenye upuuzi, na hapo ndipo nilipoogopa hasa, kwa sababu Breki si mtu wa upuuzi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba miaka mingi iliyopita, siku ya mvua, alimpita njiani mwanafunzi mmoja mwenye miwani aliyekuwa anaomba lifti. Sheria za kampuni zilikataza abiria. Alimwona kwenye kioo cha pembeni, amesimama vile vile. Na sasa anajiuliza, watoto wenye miwani wakikua wanakuwa watu gani? Si ndio hao wahakiki?

Hakuna aliyecheka. Sindano alimshika bega, akamwambia yamkini mhakiki ndiye yule mwanafunzi. Nilitamani kumpiga Sindano na kiatu.

— Sikilizeni, Sindano akasema. Dawa ya moto ni moto. Tuwarudie watu wetu arobaini na mmoja, kila mmoja aandike sasa ya kuiponda. Mizani itakaa sawa, kampuni itaona kumbe watu wamegawanyika.

Alikuwa ameshatoa simu. Ameshaandika, "Imenichujia." Breki akaweka mkono juu ya ile simu.

— Irudishe mfukoni, alisema. Tafadhali.

Kifungu, ili kututuliza, akasema wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alikusudia kumfariji mwenzetu. Ilimchukua muda kuona kwamba tangu Jumanne ni sisi tuliokuwa tukiitembeza gemu ya mtoto wa watu mlango kwa mlango kama mafuta ya kuchua viungo. Alipoona, akakohoa.

Saa saba na nusu akaja mama mmoja, mgeni kabisa hapa, ndala yake ya ngozi imekatika kamba. Nikampa kipande cha boksi akanyagie, nikaanza kushona. Wateja wangu wa kusubiri hupewa habari za kijiwe watake wasitake. Kifungu akamweleza kesi yote tangu Jumatatu, kwa mpangilio, bila kusahau tarehe, ila majina ya wahusika akayaficha kwa kuwataja kama "mtu mmoja" huku akituonyesha kwa kidevu. Sindano alikuwa anaongeza chumvi. Alimweleza kwamba filamu ilipotoka yeye mwenyewe alishona kofia hamsini zenye masikio ya yule mnyama wa kwenye filamu.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakutucheka, hakutulaumu. Alimtazama Breki kwa muda, nadhani alimjua mara moja kuwa ndiye baba. Kisha akasema ana mtoto wa miaka saba nyumbani, shule zinafungwa kesho, alikuwa anatafuta kitu cha kumtuliza.

— Hiyo gemu inahusu nini? akauliza.

Aliuliza tu kama mtu anavyouliza bei ya nyanya.

Sindano akafungua mdomo. Akasema inahusu mnyama. Mama akauliza mnyama gani. Sindano akasema mwenye masikio marefu, ni sungura au punda, inategemea kofia imekaaje. Mama akauliza, na huyo mnyama anafanya nini? Kifungu akasema anafanya mambo mbalimbali yanayoruhusiwa na umri wa mchezaji. Mama akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa na uzi mdomoni, nikashukuru.

Basi tukabaki kumtazama Breki, kwa sababu yeye ni baba, atajua. Na Breki alikuwa ameinamia viganja vyake.

— Kila Jumapili anakuja kula kwangu, alisema hatimaye. Miaka mitatu. Tukishakula anaanza, "Baba, wiki hii tumefika mahali ambapo…" Nami namkata. Namuuliza, wamekuajiri moja kwa moja? Wamekupa barua? Anasema bado, baba. Basi nanyamaza, naye ananyamaza, tunakunja meza.

Mimi nina watoto wanne, na mmoja anafanya kazi ya kompyuta ambayo hadi leo nawaambia watu ni "ofisini." Niliushona ule uzi pasipostahili, ikabidi nifumue.

Breki akatoa simu. Kifungu alitaka kusema kitu kuhusu ushahidi, Sindano akamkanyaga mguu, jambo pekee la maana alilofanya wiki ile. Simu ikaita mara mbili. Saa saba na dakika arobaini na tano.

— Mwanangu, uko wapi? Sawa. Usiingie kwanza, nisikilize. Hakuna mtu anayekuchukia. Ni mimi.

Alisema yote. Hakututaja, hata mimi mwenye wazo. Alisema ni yeye aliyewatafuta watu, ni yeye aliyetunga lile neno la malezi, na kama kampuni inataka mtu, anachukua pikipiki sasa hivi aje asimame mbele yao. Sauti yake ilikuwa inakatika. Upande wa pili tulisikia kitu, sijui kilio sijui pumzi, kisha kikakoma. Niliogopa amekata. Breki aliitazama simu kuona kama bado ipo hewani, akairudisha sikioni.

— Na kitu kingine, alisema. Tuna dakika kumi kabla hujaingia. Gemu yako inahusu nini?

Ndala ilikuwa tayari. Nilimpa yule mama, akaipokea, lakini hakuivaa. Alibaki na mguu wake kwenye boksi, naye anasubiri. Birika lilikuwa limepoa kabisa, na kule barabarani mtu alikuwa anapiga honi kwa hasira bila kukoma. Tulimtazama Breki usoni tukitafuta pa kusomea.

Akaishusha simu, akaifunika kwa kiganja.

— Ananiuliza, alisema, kwa nini namuuliza leo.

Akatutazama mmoja mmoja, Kifungu, Sindano, kisha mimi. Alitaka tumpe jibu, upesi, mtoto yuko hewani. Watu watatu ambao hatujawahi kukosa la kusema juu ya jambo lolote, tuliangalia vikombe vyetu.