Sauti ya Kituo Kinachofuata

Basi la kutoka Igunga kwenda Tabora lilikuwa limeshaipita Nzega mzee wa kiti cha mbele alipoanza kumsimulia binti wa pembeni yake, asiyemjua, habari za Dar es Salaam. Mwamvita, aliyekaa nyuma yao peke yake, akatega sikio. Si mmbea, ila safari ndefu.

"Kijana wangu anataka nihamie kwake kabisa. Nimepanda mabasi yao ya mwendokasi mwezi mzima, mjukuu wangu. Watu wamejaa, nikitoa salamu, kimya! Aliyenisemesha ni yule dada wa kwenye spika tu. 'Kituo kinachofuata, Magomeni.' Namwitikia, 'Ahsante, mama.'"

Binti akaangua kicheko. "Babu, yule si mtu! Ni sauti imerekodiwa."

"Najua. Niliambiwa siku ile ile ya kwanza."

"Sasa ukawa unaitikia nini?"

"Ningemwacha aseme peke yake?"

Binti akazidi kucheka. Mwamvita, ambaye redio ya nyumbani kwake haizimwi tangu amzike mumewe, hakucheka.

Basi likasimama stendi ya Tabora. "Mwisho wa gari!" konda akapaza sauti.

"Ahsante, mwanangu," Mwamvita akajikuta ameitikia, kabla hata ya mzee.

Konda alikuwa ameshashuka.