Benchi la Alhamisi: Miaka Ishirini na Saba ya Bi Subiri

Ifikapo tarehe 30 Novemba, siku yake ya kustaafu, Bi Subiri atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba, miezi miwili na siku nne katika chuo chetu, yote akiwa mratibu wa mafunzo ya wanafunzi vijijini. Hizo siku nne amezihesabu mwenyewe na ameagiza zisiachwe. Jina lenyewe halimo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Walimpa wanafunzi, maana hakuna aliyewahi kushika jembe mbele yake bila kuambiwa kwanza asubiri.

Ofisi yake ni kile chumba kidogo kando ya mashine ya kudurufu, chenye dirisha lisilofunguka na viatu vya mvua mlangoni. Wageni hudhani ni stoo, na hawajakosea sana. Humo mna chupa ya chai ambayo sijawahi kuiona tupu, na faili nene la kijani lililoandikwa kwa mkono: TULIYOKOSEA. Kila kundi likitoka kijijini linaandika ukurasa wake humo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Ukurasa wa kwanza ni wake mwenyewe.

Mwaka wake wa pili kazini, aliwapeleka wanafunzi ishirini kupaka rangi zahanati ya kijiji ambacho leo ni ndugu zetu. Ndani ya siku mbili kuta zote ziling'aa. Tatizo lilikuwa ukuta wa nyuma ya mlango. Kwa miaka kumi na moja, kila Alhamisi ya kliniki, mkunga alikuwa akiwasimamisha watoto hapo na kuchora kwa mkaa kimo chao, kila mtoto na mstari wake. Kulikuwa na mistari ya watoto ambao hawakuishi kukua zaidi ya hapo. Vijana wetu waliona uchafu, wakaupaka rangi nyeupe mara mbili ili usionekane. Mkunga hakugomba. Aliwapa maji ya kunawa, akawashukuru, akawaomba wasirudi tena.

Mtu mwingine angeandika barua ya kuomba radhi na kutafuta kijiji kingine, kwani vijiji vimekwisha? Bi Subiri alipanda basi peke yake Alhamisi iliyofuata, akaketi kwenye benchi la zahanati. Hakusemeshwa. Akaenda Alhamisi nyingine, na nyingine, mpaka mumewe akaanza kuulizia kama ameolewa huko. Alhamisi ya saba mkunga alizidiwa na kazi, akamtupia mtoto ampakate, na mtoto akamlowesha mpaka magotini. Bi Subiri husema hiyo ndiyo siku aliyoajiriwa kweli.

Ndipo wanafunzi waliporuhusiwa kurudi, safari hii bila brashi. Walifuatana na mkunga nyumba kwa nyumba, wakiwauliza akina mama mtoto alikuwa akiwafika wapi, kiunoni au begani, na mistari ikachorwa upya. Si yote iliyopata mahali pake. Kwa ile iliyopotea Bi Subiri hajajisamehe, na hamruhusu mtu kumfariji.

Utaratibu wetu wote ulizaliwa hapo. Wiki ya kwanza kijijini mwanafunzi hafanyi kazi yoyote aliyoipanga. Anamfuata mwenyeji wake, anauliza, anasikiliza. Na katika kila alama mia, thelathini zinatolewa na wenyeji. Wahadhiri walipiga kelele, hasa wa uhandisi, na kelele zikazidi pale mwanafunzi wao bora alipopewa nane na bibi aliyemkaribisha. Kijana alijua mabomba yote ya dunia, ila kila asubuhi alimpita bibi wa watu kama nguzo. Alipotaka kukata rufaa, Bi Subiri hakumkatalia: alimpeleka akaikate kwa bibi huko huko. Baada ya siku tatu za kuchota maji na kuamkia, alirudi na alama kumi na moja. Sasa ni mhandisi wa maji wa wilaya nzima, na bibi yule humwita mume wangu.

Tusimpambe kupita kiasi. Ripoti zake hazijawahi kufika kwa wakati, na dereva wa chuo atakuambia kwamba safari ya saa mbili huchukua saa tano akiwemo yeye, kwa kuwa kila mwenye kichwa barabarani lazima asalimiwe.

Alipotangaza kustaafu, mambo yakatuharibikia. Kamati ya kijiji ilituma ujumbe mfupi: wao walikubaliana na Bi Subiri, si na chuo, hivyo akiondoka watafikiri upya. Wanafunzi arobaini walikuwa wameshapangwa na hawakuwa na pengine pa kwenda. Mimi ninayeandika haya, msaidizi wake wa miaka sita na ndiye niliyeteuliwa kumrithi, nilimwomba anipeleke akaniombee. Alikataa katakata. Alinitazama juu ya miwani, akaniambia basi la Alhamisi huondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nisichelewe. Nilimnunia wiki nzima, na sioni haya kulisema.

Nilikwenda Alhamisi tano. Nimepima watoto uzito, nimefukuza mbuzi mlangoni, nimechekwa na akina mama kwa jinsi ninavyofunga mtoto mgongoni.

Wiki iliyopita barua ya kamati ikafika. Inasema wanafunzi waje, inataja nyumba zitakazowapokea na inatuonya kuhusu daraja bovu. Ukurasa mmoja na nusu, na jina la Bi Subiri halimo hata mara moja. Tuliingiwa na hofu. Mkuu wa idara akashauri tuifiche mpaka sherehe iishe, isije ikamuumiza, lakini mtu anayekaa kando ya mashine ya kudurufu humfichi kitu. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Kisha akavua miwani, akacheka huku machozi yakimtoka, akasema hiyo ndiyo barua aliyoingojea miaka yote.

Bi Subiri, ahsante sana. Tunakuombea afya, wajukuu wenye adabu kiasi, na usingizi wa mchana usio na aibu. Usitupigie simu kutukumbusha lolote. Wanafunzi arobaini wanaondoka Jumatatu, na nyumba za kuwapokea zipo.