Nilimtafuta Usingizini

Asalaam aleikum, mama zangu, dada zangu. Na nyinyi wenzetu mlioshuka kutoka bara, mnaosali kanisani, amani iwe kwenu pia. Waliosimama kabla yangu kwenye kikao chetu hiki cha kupeana pole wamesema mambo mazito kwa sauti ndogo. Mimi sauti ndogo sina, mtanisamehe. Nimezoea kuita wateja wa vitumbua barabarani.

Tulikubaliana hapa hatutaji jina la mtu, na mimi sitataja. Ila mama mkwe wangu nimekuja naye, ndiye yule karibu na mlango, aliyejifunika kanga ya kijani. Nilimwomba ruhusa nilisimulie jambo letu, akaniambia, "Sema, lakini usiongeze chumvi." Kwa hiyo nikiongeza mtamsikia akinikatiza.

Habari yangu ni ya usingizi. Msinicheke. Najua wengine humu mmepita makubwa, na mimi nasimama kuzungumza habari ya kulala.

Mnajua tulivyotoka Mocímboa siku ya kukimbia, wenye bunduki walipoingia mjini. Mimi, wanangu wawili na huyu mama mkwe tulipata nafasi kwenye boti ya kwenda kisiwani Macaloe. Mume wangu hakupanda. Baba yake alikuwa shambani upande wa Diaca, akasema, "Tangulieni, namfuata mzee, nitawakuta." Alilisema kama mtu anayekwenda dukani. Mume wangu ni fundi mwashi, maneno yake machache, na kila aliposema atakuja alikuwa anakuja, basi sikumbishia. Hatujamwona tena, yeye wala baba yake.

Ndugu zangu, nawaambia, kuna aliyefiwa na kuna aliyepotelewa. Aliyefiwa anakaa eda, anapikiwa, anapewa pole, siku zinakwisha, anatoka. Aliyepotelewa hapewi kitu. Nikivaa vizuri nasemwa, nikivaa vibaya nasemwa kwamba namchuria mume wangu. Hata kulia sikujua nilie kwa kiasi gani.

Sasa sisi watu wa pwani mnatujua. Mtu akifa mbali, anawajia wake usingizini, anaomba kitu. Ataomba maji, ataomba shuka, ataomba uji. Akiomba mnajua amekwenda, mnapika sadaka, mnamsomea. Mwalimu wa madrasa alishatueleza kwamba ndoto si ushahidi, na mimi simpingi, yeye amesoma. Lakini ndani ya nyumba mambo yana njia zake. Baba mkwe alimjia mama tukiwa Pemba yetu hii ya Msumbiji, kwa watu waliotupokea. Alisimama mlangoni, akamwambia anasikia baridi, anataka shuka. Mama aliamka akasema, "Mzee amekwenda." Akakaa eda yake, tukatoa sadaka kwa tulichokuwa nacho, na tangu hapo akawa analala vizuri. Mume wangu hakumjia mtu yeyote.

Tukarudi Mocímboa. Nyumba tuliikuta kuta tupu, tukaezeka chumba kimoja, nikaanza vitumbua. Na kila asubuhi nikikoroga unga mama ananiuliza, "Amekuja?" Namjibu, "Hajaja, mama." Hapo anachukua chai yake, na siku inaanza.

Lakini atakujaje, na mimi sina usingizi? Nalala chali natazama bati. Nikisikia hatua za mtu njiani moyo unaruka. Macho yakitaka kufumba naiona boti, nakurupuka. Adhana ya alfajiri inanikuta nimechoka kuliko nilivyopanda kitandani. Nikakonda, kanga ikawa inanizunguka mara mbili. Kisha likaniingia wazo baya: pengine anakuja kila siku, anakuta mke yuko macho, anageuka anarudi. Mimi ninayemngoja ndiye ninayemzuia.

Mwenzangu mmoja ana banka, kibanda chake cha biashara sokoni, anauza sabuni, biskuti na vidonge. Akaniambia, "Kunywa hivi vya mafua. Utalala hata wakikuibia mkeka chini yako." Vidonge vidogo vya manjano, havina boksi wala karatasi, anakukatia kwa mkasi. Nikanywa. Nililala, ndugu zangu! Nililala mpaka mate yakanitoka. Nilipoamka nilicheka peke yangu kwa furaha. Mama akauliza, "Amekuja?" Nikatafuta kichwani. Hapakuwa na kitu, hata kivuli. Kichwa kilikuwa kama chungu kilichooshwa.

"Hajaja, mama."

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikajiambia sijafika alipo. Nilidhani usingizi una kina chake, na yeye yuko chini zaidi. Nikaongeza kidonge. Mwili ukazoea, nikaongeza tena. Nikaambiwa ipo dawa ya kikohozi, ya maji, tamu, kule farmasia wanakuuzia bila maswali. Nikachanganya na hiyo. Mdomo ukawa mkavu, ulimi unagandana na meno. Mchana nasahau kama nimetia hamira, nasalimiwa sijibu. Mwanangu mkubwa akawa ananiambia kila neno mara mbili, mara ya pili kwa kupaza, kama anazungumza na kiziwi. Na mimi nilimwona ni mtoto asiye na adabu!

Haikuishia hapo. Nilikumbuka tulivyokuwa tukiambiwa chuoni tukiwa wadogo, kwamba ndoto ya karibu na alfajiri ndiyo ya kweli. Nikaanza kuichelewesha dawa, niimeze usiku umekwenda sana, ili saa ile inikute nimezama. Mnaona nilikofika? Nikawa naikosa swala ya alfajiri ili niipate ndoto ya alfajiri. Adhana inaita, mimi nimelala kama gogo, na nimejilaza kwa makusudi. Unga unachachuka mpaka unafurika nje ya beseni, wateja wanapita kununua kwa jirani.

Mama alikuwa anaona. Macho yake hayana nguvu, sisi sote kwake ni vivuli, lakini hilo aliliona. Asubuhi moja aliniita, akaniita tena, sikuamka. Akaona wateja wasirudi bure kila siku. Akawasha moto mwenyewe, akateleka kikaango, akatia mafuta. Kumimina unga alimimina, kugeuza ndiko kulikomshinda. Akapeleka mkono mahali alipodhani pana mpini, kikaango kikainama, mafuta yakammwagikia kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko.

Mimi niliamshwa na jirani yetu, mama mmoja wa Quiterajo, kwa kumwagiwa maji usoni. Mama alikuwa amepiga kelele, wanangu wamelia, njia nzima imesikia na kukimbilia. Mimi niliyekuwa nyuma ya pazia tu sikusikia.

Tukampeleka kituo cha afya. Enfermera, muuguzi wa pale, alipomaliza kumfunga mama mkono, akanigeukia mimi niliyekuwa nayumba pale kama mlevi. "Na wewe dada, unakunywa nini?" Nikamwambia. Nikamwambia na sababu, kwa maana sikuwa na nguvu tena ya kuficha. Hakunicheka wala hakunifokea. Akanieleza kwamba vile ni vidonge vya mafua, kusinzia ni madhara yake tu, na mwili ukivizoea vinakupa usingizi kidogo na taabu nyingi. Kuvichanganya na ile dawa ya kikohozi kungeweza kunizimisha pumzi. Kisha akasema taratibu, "Na hizo ndoto, dada. Wengi wanaovinywa, ndoto zinawapungua, au wakiamka hawakumbuki kitu."

Nililia pale pale kwenye benchi, mbele ya watu waliokuja kupima malaria. Muda wote ule namtafuta mume wangu, na kila nilichomeza kilikuwa kinamfungia mlango.

Tulipofika nyumbani nikapiga magoti mbele ya mama, nikamwambia, "Nisamehe, mama. Nilitaka asubuhi moja nikupe jibu. Nilitaka na mimi niweze kukwambia amekuja."

Akanivuta kwa mkono ule mzima. "Mwanangu, nani alikwambia mimi nataka aje?"

Sikumwelewa.

"Akija si ndiyo amekufa? Kila asubuhi nakuuliza huku natetemeka. Ukisema hajaja, ndipo chai inapita. Siku ungeniambia amekuja, ungenizika na mimi."

Ndugu zangu, mmeisikia hiyo? Watu wawili tunakula sahani moja, asubuhi zote hizo tunaulizana neno lile lile, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake anataka jibu gani. Mimi nimejiharibu mwili ili nimletee mama habari anayoiogopa kuliko zote duniani. Tulikumbatiana, tukalia, tukaanza kucheka, wanangu wakatutazama kama tumepagawa. Siku hiyo tulimtaja mume wangu kwa jina lake, jambo ambalo tulikuwa tumeliacha. Mama akanisimulia utoto wa mwanawe, alivyokuwa mbishi, alivyokimbia kunyolewa na kichwa nusu kina nywele. Na mimi nikamsimulia ya kwangu, ila si yote.

Sitawadanganya kwamba nilipona siku ile. Enfermera alitaka nipunguze kidogo kidogo, nirudi kwake anitazame. Niliumwa. Kukesha kulirudi, safari hii na jasho na hasira, nikawagombeza watu wasio na kosa, na baadhi yenu mmo humu, nisameheni. Siku moja miguu ilinipeleka yenyewe mpaka mbele ya banka. Yule mwenzangu akanitazama, akasema, "Sikuuzii. Nenda zako." Nilimtukana, wallahi. Sasa ni rafiki yangu kuliko mwanzo.

Nikaacha chai ya rangi ya jioni. Nikawa naamka na adhana, niwe nimelala au sikulala. Mchana sikujinyoosha tena, hata macho yakiwasha. Na kubwa kuliko hayo, nikaja hapa. Machozi yangu yote nilikuwa nayawekea kitanda, nikipanda kitandani yananikuta yananisubiri. Nyinyi mkanifundisha kulia mchana, huku tunasuka ukili, mtu ananipa pole na kipande cha muhogo, narudi nyumbani mwepesi. Usingizi ukaja pole pole, kwanza wa kusinzia ukutani, mwishowe ule wa mtu mzima.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Namshukuru jirani kwa yale maji ya uso, enfermera kwa kutonidharau, na mwenye banka kwa kukataa pesa yangu. Mama, wewe sina neno la kutosha, mkono wako una kovu kwa ajili yangu na bado unanikunia nazi. Na anayekesha humu ndani namwomba mambo mawili. Usikimbilie vya kukatiwa kwa mkasi, nenda kwa mtu wa afya umweleze yote. Na lile linalokunyima usingizi, litamke kwa mnayekaa naye paa moja, umuulize na yeye anataka nini. Huenda mnaumia kwa kutojuana.

Sasa lipo jambo ambalo mama mwenyewe hajalisikia. Ruhusa yake sikuiomba. Mama, usinikatize.

Nilimwota. Ni siku za karibuni, bila dawa yoyote. Alikuwa juu ya ukuta anajenga, amenipa mgongo, shati lina saruji begani. Nikamwita. Akageuka, akacheka kile kicheko chake cha upande mmoja, akarudi kwenye kazi yake. Nikaamka adhana inaita. Mama, nilitamani kurudi. Nilitamani nifumbe macho nimwambie neno moja tu, na nilijua dawa inauzwa wapi. Niliinuka nikatawadha, nikaswali, nikawasha moto. Na sikukwambia, kwa sababu niliogopa lile neno, amekuja.

Usilie, mama, nisikilize mpaka mwisho. Hakuomba kitu. Hakuomba maji, hakuomba shuka, hakuomba uji. Alikuwa anajenga tu. Maana yake mimi siijui, na mwalimu akija atatuambia haina maana. Ninachokijua ni kwamba nina hamu naye, mama. Nina hamu naye mpaka mifupani, na usiku nalala.